Undugu Uliotaka Kumnyima Moraa Mchumba

Tangu nirudi, kibarazani kwangu hapashoneki kitu. Kila anayeleta suruali ya kupunguzwa anavuta kiti, anakaa, anasema, "Haya Omwenga, tuambie ya huko." Nimesimulia mpaka nimeanza kutia chumvi. Dada yangu Bosibori ameniapia kwamba nikiongeza kiboko mwingine pale mtoni, atakuja kunisuta mbele ya wateja. Basi nimeyaandika. Someni wenyewe, mniache nishone.

Nyamira hadi Kisii

Mnamjua Moraa, binti wa kaka yangu Nyakundi. Ndiye anayepeleka chai ya nyumbani kwao kwenye kituo cha kupimia majani. Na yule kijana aendeshaye lori la kuchukua majani mnamjua pia, Mwita, mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega. Kilichokuwa kikiendelea baina yao kila mtu alikiona isipokuwa Nyakundi. Alipokiona hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Huyu ni wa nani?"

Mwita ni Mngurimi, mtu wa kule Tanzania, ng'ambo ya Mto Mara. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kufika kwao. Na kwetu, mjuavyo, msichana hatolewi gizani. Kwanza aende mshenga, yule tunayemwita esigani, akachungulie boma la watu: kama kuna uchawi, kama kuna wazimu unaorithiwa, kama watoto wanalala njaa. Zaidi ya yote, kama wale watu ni damu yetu. Damu haioi damu hata iwe imetengana vizazi vingapi. Esigani akirudi na neno baya, mambo yamekwisha, hata bibi harusi alie machozi ya kujaza debe.

Na neno baya lilikuwa na mtu wa kulisubiri. Kule Masimba kuna mwenye duka, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, ambaye ng'ombe wake Nyakundi alikwisha kuwaona na kuwapenda. Moraa alinifuata kibarazani akasema, "Baba mdogo, nikipelekwa Masimba nitazeeka siku hiyo hiyo. Mimi ni Mwita tu." Nikamwambia asijali, anayekwenda ni mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo. Mimi hapa nimeshonea Wakuria, Wajaluo, Wakipsigisi, na kila mmoja nimemdokolea lugha yake nikimpima kiuno. Siku zote nimekuwa nikisema, na mlikuwa mkinicheka, kwamba Kikisii chetu hakikuanguka kutoka mbinguni peke yake. Kina ndugu huko kusini, na nilitaka nikawasikie kwa masikio yangu. Bosibori naye alitumwa kwa sababu Nyakundi hayaamini macho yangu. "Omwenga ataangalia ng'ombe," alisema. "Bosibori ataangalia ghala."

Dada alibeba kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na ugali wa wimbi, ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa ya mgando, na juu ya vyote Biblia, ili chakula kisiibiwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hatujafika mbali, basi likateleza likaingia mtaroni kwa makalio. Wanaume wote wakashuka kusukuma. Mimi nilikuwa nimempata mfanyabiashara mmoja wa ndizi, namweleza kwamba Mkuria akiomba maji anasema karibu kama sisi, amanche kwa amache yetu.

"Omwenga," dada aliita dirishani, "sukuma kwanza. Utahubiri baadaye."

Kisii hadi Migori

Kisii tulikunywa chai, tukangoja basi la pili mpaka tukajua majina ya watoto wa mpiga debe. Lilipokuja, nikakaa karibu na mzee mmoja mwembamba, muuza nyavu, jina lake Ouma. Alizungumza Kijaluo na kila mtu, nami nikamsalimu kwa Kijaluo changu cha cherehani. Akacheka. "Mimi si Mjaluo kamili," alisema. "Mimi Msuba."

Masikio yangu yakasimama. Wasuba! Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wao waliongea kitu kinachofanana na chetu kabla hawajaingia katika Kijaluo. Nikamwomba aniongelee.

"Ah, mimi?" alisema Ouma. "Babu aliongea. Baba alielewa. Mimi nilikuwa nikitukanwa nayo tu na nyanya nikikosea."

Nikamwomba basi anipe hayo matusi. Aliona haya kwa sababu ya dada, akanitolea sikioni, moja baada ya jingine. Haki ya Mungu, mawili niliyajua! Niliyajua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Bosibori akataka kujua kuna nini, nikamwambia tunajadili mababu.

Lakini tuliposhuka nilimhurumia yule mzee. Lugha nzima ilikuwa imekwenda, na kilichobaki kwake ni hasira za nyanya. Nilimwambia hivyo. Yeye hakuwa na huzuni yoyote. "Majirani zetu wana samaki na wana nyimbo," alisema. "Tulioa kwao, wakatulea. Ungefanya nini wewe?" Nikamuaga.

Migori tuliingia hoteli moja karibu na daraja. Dada ni Msabato wa kweli kweli. Mimi pia ni Msabato, ila Usabato wangu hauna makali kama wake. Samaki asiye na magamba dada hamli. Basi alimuuliza mama mwenye hoteli, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, hii samaki iko na magamba?"

Yule mama akafikiri anaambiwa samaki wake hawakuparwa vizuri. Akakasirika, akaingia jikoni, akarudi na beseni akamwinua kambare mzima mbele ya uso wa dada, anang'aa kama kiatu, masharubu yananing'inia. "Angalia! Safi! Hana gamba hata moja!"

Bosibori alifumba macho. "Nimeuliza magamba," aliniambia kwa Kikisii, "ameniletea ndevu."

Tukala ugali wetu wa wimbi. Mimi, lo, niliutazama sana mchuzi wa watu.

Migori hadi mpakani

Ilikuwa Ijumaa, na kwa ile hali ya barabara jua lilikuwa linatushinda mbio. Tulipofika upande wa Isebania, lilikuwa limebaki ukucha. Dada akashuka basini kabla halijasimama sawasawa. Sabato inaingia, hasafiri hatua moja zaidi. Nilimwambia wenzetu wanatungoja ng'ambo. Akasema waliomngoja Masihi walingoja zaidi.

Tukaulizia Wasabato, tukaelekezwa kwa mama mmoja Mkuria, Mama Ghati, mjane mwenye mwili na sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Alitupokea bila kutuuliza maswali mengi. Wakuria wakikutana huulizana mang'ana, nasi mambo tunayaita amang'ana, kwa hiyo hata salamu yao sikuhitaji kuitafuta. Tulikula kwake ugali wa mtama na maziwa, tukalala.

Kesho yake twende kanisani. Kanisa dogo la udongo, watu wamekaa juu ya magogo. Wakafungua vitabu, wakaanza kuimba, na mimi nikashikwa na baridi mwilini. Waliimba kwa Kikisii. Wakuria watupu, wanaume kwa wanawake, wanaimba lugha ya mama yangu, wakiipinda hapa na pale kwa namna yao. Nililia. Sioni haya kusema. Niko mbali na nyumbani, watu sijui hata majina yao, na wanaimba maneno niliyofundishwa nikiwa natambaa.

Mama Ghati alinieleza baadaye, akimenya viazi. "Vitabu vya lugha yetu bado. Kwa hiyo tunaimba chenu, tunaomba chetu, na matangazo tunatangaziwa kwa Kiswahili."

"Na Wangurimi?" nilimuuliza. "Tunakokwenda?"

"Wale? Tunaelewana. Ila wanaongea kama watu wanaokimbia mvua."

Jioni jua lilipozama na Sabato kuisha, mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kichwani mwangu. Sisi wote huku ni nyumba moja. Msuba aliyesahau, Mkuria anayeimba, Mngurimi anayekimbia mvua, na Mkisii. Nilianza kutunga hotuba yangu, na hotuba yenyewe ilikuwa tamu.

Mpakani hadi Mto Mara

Kuvuka mpaka hakukuwa na maneno. Ng'ambo ni Tanzania, na huko tangu wapate hiyo siasa yao ya ujamaa kila mtu ni ndugu. Askari ni ndugu, muuza karanga ni ndugu. Dereva wa lori aliyetubeba kutoka Tarime, juu ya magunia ya chumvi, alituita ndugu wasafiri, kisha likakwama matopeni akatuita ndugu tushuke tusukume. Safari hii nilisukuma mapema. Bosibori alinitazama kama anayeona muujiza.

Kila kijiji lori liliposimama niliuliza. Ng'ombe mnamwitaje? Nyumba je? Mtu je? Watoto walikusanyika, wakanipa maneno mbio mbio kana kwamba nagawa peremende, na kila lililofanana na letu nililipigia kofi. Mzee mmoja alimuuliza dereva kama huyu mgeni ni mzima. Dereva akasema ni Mkenya.

Mtoni tulivushwa kwa mtumbwi. Viboko walikuwapo, na nitasema wawili tu kwa sababu mnajua nani anasoma. Bosibori aliimba njia nzima macho yamefumbwa, na mpiga kasia akaomba radhi akauliza kama kuna aliyefariki. Upande wa pili Mwita alikuwa amesimama, amevaa shati jeupe nililomshonea mwenyewe, na alipotuona mabega yake yakaanza kucheka.

Ng'ambo ya mto

Boma la akina Mwita lilitupendeza. Dada aliingia jikoni na ghalani, akashika mawe ya kusagia, akawatazama watoto matumbo na macho. Alitoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapa panaliwa." Kwa dada hiyo ni sifa kubwa. Mimi niliangalia ng'ombe, naam, kama Nyakundi alivyosema.

Nao walikuwa wametuandalia. Mzee Magige, baba yake Mwita, mtu mfupi mwenye maneno machache, alichinja mbuzi. Wakaja wazee wa ukoo wakakaa mlangoni mwa zizi, na mkubwa wao alikuwa Mzee Nyamhanga, amu yake Magige, asiye na jino hata moja lakini mwenye macho makali. Nikaambiwa niseme kilichonileta.

Jamani, nilisema! Nilisema nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kikisii, na walikuwa wakielewa, hilo ndilo lililonilevya. Niliwapangia maneno yetu na yao, ng'ombe kwa ng'ombe, maji kwa maji. Niliwaambia habari za Ouma, na za kanisa la Mama Ghati. Nikasema mababu zetu waliota moto mmoja, wakanyonya mama mmoja, wakatengana kwa njaa tu. Nikamaliza kwa kusema, "Wazee wangu, sikuja ugenini. Nimekuja nyumbani. Ninyi na sisi ni damu moja!"

Nilikaa nikingoja vigelegele. Mwita alikuwa ameinamisha kichwa, na Bosibori ameshika mdomo.

Mzee Magige akawanong'oneza wenzake, kisha akaniambia taratibu, "Mgeni, umesema vizuri. Tulikuwa hatujui. Ahsante kwa kutuokoa na aibu. Kama ni damu moja, hao watoto ni kaka na dada. Ndoa hakuna."

Kazi ya esigani ni kutafuta damu ili kuikimbia, na mimi nimetoka Nyamira naiokota njia nzima kama kuni, nikaja kuitua mlangoni kwao. "Wazee, la, nilikuwa napamba tu!" nilisema. "Nilitia chumvi!"

"Basi wewe ni mwongo," alisema Mzee Nyamhanga kwa ufizi wake. "Na maneno ya mwongo hayaleti mke hapa."

Nikawa nimefungiwa milango yote miwili. Mbuzi aliliwa kimya kama wa matanga. Mwita hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alinimiminia maji ya kunawa, akasema, "Baba mdogo, nitamwambiaje?" Nilimwona kichwani mwangu Moraa nyuma ya kaunta kule Masimba, anapima sukari. Sikula.

Asubuhi, kabla hatujafunga kikapu, Bosibori aliomba neno. Alisema yeye ni shangazi wa msichana, na kwao shangazi akitumwa husema naye pia. Wazee wakakubali. Alisimama mlangoni mwa zizi, akajifunga leso kiunoni.

"Huyu ndugu yangu ni fundi cherehani," alisema. "Kazi yake ni kuunganisha vipande. Akiona vitambaa viwili vya rangi moja, anavishona. Maneno yanaweza kufanana. Hata fisi na mbwa wanafanana. Mimi nitawaambia babu yetu alivyofika huku. Hakuja kuota moto wa mtu. Alikuja na mkuki."

Wazee wakainua vichwa. Nami pia, maana hiyo sikuijua.

Akaeleza. Babu na vijana wa rika lake walishuka kusini kufuata ng'ombe, mpaka ng'ambo ya mto wenye viboko. Walifika katika boma la watu waliokuwa wameweka alama ya mkato katika sikio la kushoto la kila ng'ombe, wakawachukua alfajiri. Babu alirudi na jeraha la mshale pajani, akachechemea mpaka kufa. Watoto wa kiume waliambiwa alianguka mwambani, kwa kuwa aliyempiga alikuwa mvulana wa kuchunga. Bibi aliwaeleza wajukuu wa kike tu.

Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama. Sikuona aliposimama. "Sikio la kushoto?" aliuliza.

"La kushoto, juu hapa."

"Hiyo ni alama yetu!" alipaza sauti. "Wezi! Ng'ombe wa baba yangu! Na aliyepiga mshale ule ni kaka yangu, akisimulia tukimwita mwongo! Wezi wakubwa ninyi!"

"Wezi?" Bosibori naye akapandisha. "Na ninyi mlifuata mkachoma maghala yetu! Wimbi la mwaka mzima! Bibi yangu alikula mizizi!"

"Mlistahili!"

"Mshindwe!"

Nikatafuta njia ya kukimbilia. Nikatazama, kumbe Mzee Magige anacheka. Wazee wengine wakaanza kucheka, mmoja anampiga mwenzake mgongoni. Mzee Nyamhanga aliendelea kututukana, lakini machozi ya furaha yalikuwa yakimtiririka. Na hapo dada akasema msemo wetu, kwa Kikisii kitupu, bila mkalimani: tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Wazee wote waliuelewa, wakauitikia kwa lugha yao, na hakuna aliyenitazama kuniomba nieleze.

"Basi ni watu wa mbali," alisema Mzee Magige. "Ndugu hachomi ghala la ndugu. Leteni maziwa, hawa ni maadui zetu."

Kurudi Nyamira

Njia ya kurudi nilikuwa nimetulia. Tarime nilimuuliza dada kwa nini hakunisimulia habari ile mapema. "Uliniuliza?" alisema. "Tangu Nyamira ulikuwa ukisema wewe." Akanimenyea ndizi. Tulikuwa wenye furaha sana, na hata basi lilipokwama tena Suneka tulishuka tukiimba.

Nyakundi alitungoja sebuleni, amekaa wima. Hakutupa hata maji. "Haya, esigani. Ni watu gani?"

"Ni maadui," nilisema. "Babu aliwaibia ng'ombe, wakamtoboa paja, wakatuchomea maghala."

Jikoni kitu kilianguka. Moraa alitokea mlangoni, unga mikononi hadi viwikoni, uso umekwisha. Alinitazama mimi tu. "Baba mdogo," alisema, "umeniua." Akajiachia chini akalia kwa sauti, na mama yake akaja mbio.

Nyakundi aliinuka. Sijawahi kumwona kaka yangu akimgusa bintiye tangu awe mkubwa, lakini alichuchumaa akamfuta unga usoni kwa kiganja.

"Unalilia nini, mjinga wewe?" alisema. "Hujasikia? Ni maadui halisi, wa mkuki na mshale. Mwenye duka nitampelekea habari kesho. Inuka umwambie mama yako apike, utaolewa."

Moraa alicheka na kulia kwa pamoja, na alimkumbatia Bosibori kwanza, mimi baadaye, kama ilivyo haki. Harusi ni baada ya kuvuna wimbi, na nyote mnakaribishwa. Njooni mle, mcheze, muwatukane wakwe kwa heshima. Ila atakayetamka neno undugu kabla ng'ombe wa mahari hawajaingia zizini, huyo nitamshona mdomo mimi mwenyewe.